Barua pepe za ofisi Afrika Mashariki: Ukuta wa moto bila msimamizi haulindi kitu

Mwishoni mwa Aprili 2016, wadukuzi waliojitambulisha kwa jina la Anonymous walitangaza kwamba wamechukua data za Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya, kisha wakaanza kuzianika hadharani. Miongoni mwa nyaraka hizo zilikuwamo barua pepe za kikazi. Serikali ya Kenya ilikiri kwamba data zilichukuliwa, na maelezo yaliyotolewa wakati huo yalionyesha kuwa watumishi walihadaiwa kwa barua za uongo hadi wakatoa nywila zao.

Miaka saba baadaye, Mei 2023, shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba wadukuzi wenye uhusiano na China walikuwa wameziandama wizara na taasisi nyeti za Kenya kwa miaka kadhaa, wakitafuta, pamoja na mambo mengine, taarifa kuhusu deni la nchi hiyo kwa Beijing. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, mlango ulifunguka mwishoni mwa mwaka 2019, mtumishi mmoja wa serikali alipopakua waraka uliotiwa sumu. China ilikanusha, na serikali ya Kenya nayo haikuikubali ripoti hiyo.

Matukio hayo yalitokea ng'ambo ya mipaka yetu, lakini swali linaloibuka linatuhusu sote: nani anayelinda seva zinazobeba barua zetu, na kwa kanuni zipi?

Kwa nini jambo hili linatugusa

Barua pepe si mali ya wizara pekee. Mfanyabiashara wa Buyenzi, hapa Bujumbura, anayeagiza vitambaa au vipuri kutoka Dubai au Guangzhou huupitisha mzigo wake katika bandari ya Dar es Salaam, ambayo ndiyo lango kuu la bidhaa zinazokuja Burundi. Kabla mzigo haujamfikia, mkononi mwake hupita barua pepe nyingi: ankara ya muuzaji, hati za shehena, makadirio ya wakala wa forodha na namba ya akaunti ya kulipia.

Mtu akiweza kuzisoma barua hizo kwa siri, hana haja ya kuvunja duka. Husubiri siku ya malipo, kisha hutuma barua moja inayofanana na zile za awali, akieleza kwamba namba ya akaunti imebadilika. Mwaka 2023 pekee, kituo cha shirika la upelelezi la Marekani, FBI, kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni kilipokea malalamiko 21,489 ya utapeli wa namna hiyo, yenye hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9. Hizo ni za waliolalamika tu. Mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Buyenzi anayepoteza mtaji wake kwa njia hiyo huenda asihesabiwe humo.

Mlango wenye namba

Ili kuelewa ulinzi, ni lazima kwanza kuelewa safari ya barua. Itifaki inayotumiwa na seva kupelekeana barua, SMTP, iliwekwa katika umbo lake la kudumu na Jonathan Postel mnamo Agosti 1982. Kila huduma katika kompyuta ina mlango wake wenye namba, ambao wahandisi huuita poti, na mlango wa kupokelea barua kutoka seva nyingine ni namba 25.

Wakati huo mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara chache, na waliokuwa wakiutumia waliaminiana. Imani hiyo ilivunjika Novemba 2, 1988, programu iliyoandikwa na mwanafunzi wa Marekani, Robert Tappan Morris, ilipojieneza yenyewe na kuzilemaza maelfu ya kompyuta. Mojawapo ya njia ilizotumia ilikuwa dosari katika Sendmail, programu iliyokuwa ikisambaza barua pepe. Tangu hapo imejulikana kwamba mlango wa barua ni mlango wa adui pia.

Hapo ndipo unapoingia ukuta wa moto. Data haisafiri mtandaoni ikiwa kitu kimoja. Hukatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Kila pakiti hubeba maelezo ya ilikotoka, inakokwenda na namba ya mlango inaoutaka. Ukuta wa moto husoma maelezo hayo, huyalinganisha na orodha ya kanuni ulizopewa, kisha huipitisha pakiti au huitupa. Unafanana na mlinzi wa lango anayesoma anwani juu ya bahasha bila kuifungua barua yenyewe. Hiyo ndiyo nguvu yake, na hiyo ndiyo mipaka yake.

Kanuni ya kwanza: funga vyote, kisha fungua kwa sababu

Taasisi nyingi hununua kifaa cha ukuta wa moto kwa bei kubwa na kuridhika kwamba taa zake zinawaka. Lakini kifaa hakiamui lolote kwa hekima yake. Hutii orodha ya kanuni, na orodha hiyo huandikwa na binadamu.

Kanuni ya msingi ni kufunga kila kitu, kisha kufungua kile tu ambacho kazi inakihitaji na ambacho msimamizi anaweza kukieleza sababu yake. Kwa seva ya barua pepe, orodha hiyo ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Mlango 25 huachwa wazi kwa dunia nzima, kwa sababu bila huo seva nyingine haziwezi kuleta barua. Watumishi wanaotuma barua kutoka katika simu na kompyuta zao hupewa mlango 587 au 465, ambako kwanza hutakiwa kuthibitisha kwamba wao ni nani. Wanaosoma barua hutumia mlango 993, ambao mazungumzo yake yamefichwa kwa usimbaji. Milango ya zamani, 110 na 143, ambayo huweza kupitisha nywila bila kuzificha, haina sababu ya kuonekana kutoka nje.

Mlango unaostahili ulinzi mkali zaidi ni ule anaoutumia fundi kuiongoza seva kutoka mbali. Huo hauhitaji kuonekana na dunia. Unapaswa kufunguka kwa anwani chache zinazojulikana, au kwa aliyepitia kwanza njia ya siri ya ofisi.

Hatari kubwa huanza kwa jambo dogo. Fundi aliye mji mwingine huomba mlango ufunguliwe kwa muda ili arekebishe hitilafu. Hufunguliwa kwa kila mtu, kwa kuwa hakuna aliye na nafasi ya kuulizia anwani yake. Hitilafu hutengenezwa, watu hushukuru, na mlango husahaulika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mitandao, ufa wenyewe mara nyingi ni kanuni ya muda ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta.

Kosa jingine ni mpangilio. Katika programu nyingi za ukuta wa moto, kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana na pakiti ndiyo inayotekelezwa. Kanuni nzuri ya kukataza ikiwekwa chini ya kanuni pana ya kuruhusu haina nguvu yoyote, ingawa karatasi za ukaguzi zitaonyesha kwamba ipo.

Zipo pia anwani za kizazi kipya, IPv6, ambazo seva nyingi za leo huzitumia hata mwenyewe asipojua. Mara nyingi msimamizi hufunga milango yote kwa anwani za zamani, huku seva hiyohiyo ikifikika kwa anwani mpya bila kizuizi. Ni sawa na kutia kufuli mlango wa mbele na kuacha ule wa uani.

Uangalifu uliopitiliza nao huleta madhara. Baadhi ya wasimamizi hutupa taarifa zote za ICMP, wakiziona kuwa chombo cha wapelelezi. Lakini miongoni mwake zimo zinazomwarifu mtumaji kwamba pakiti yake ni kubwa mno kwa njia iliyo mbele. Taarifa hizo zikizuiwa, barua fupi zitapita huku zenye viambatisho vizito zikikwama bila maelezo. Ofisi itailaumu kampuni ya intaneti, kumbe kizuizi kimo ndani ya nyumba yake.

Kikulacho ki nguoni mwako

Wengi wanapofikiria ulinzi hutazama nje tu. Hata hivyo, nusu ya kazi ya ukuta wa moto ni kuchunga kinachotoka.

Chukua mfano wa ofisi yenye kompyuta 50 zinazotoka mtandaoni kwa anwani moja ya umma, jambo ambalo ni la kawaida katika ukanda wetu. Kompyuta moja ikiambukizwa programu hasidi kutokana na kifaa cha kuhifadhia data kilichochomekwa, inaweza kuanza kumwaga barua taka duniani kupitia mlango 25. Kwa wanaozipokea huko nje, mkosaji ni anwani ya ofisi nzima. Mashirika yanayotunza orodha za anwani zisizoaminika, kama Spamhaus lililoanzishwa mwaka 1998, yanaweza kuiingiza anwani hiyo katika orodha zao. Kuanzia hapo, barua halali ya mkurugenzi kwa mfadhili, au ya hospitali kwa muuzaji wa dawa, hukataliwa kabla haijafunguliwa.

Dawa yake ni kanuni ya mstari mmoja: seva ya barua pekee ndiyo inayoruhusiwa kutoka nje kwa mlango 25, kompyuta nyingine yoyote ikijaribu, izuiwe na jaribio liandikwe katika kumbukumbu. Kanuni hiyo haigharimu hata faranga moja zaidi ya gharama ya kifaa ambacho tayari kipo. Tena, kumbukumbu hiyo humwonyesha msimamizi ni kompyuta ipi iliyoambukizwa.

Majirani wamechagua njia gani

Tanzania imechagua njia ya kukusanya. Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, inayotekeleza Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, huendesha Mfumo wa Barua Pepe Serikalini unaotumiwa na taasisi za umma zenye anwani za go.tz. Uganda nayo, kupitia mamlaka yake ya teknolojia ya habari, NITA-U, imejenga mfumo wa pamoja wa mawasiliano kwa watumishi wa serikali.

Faida ya njia hiyo iko wazi. Badala ya halmashauri na idara mamia kila moja kuwa na seva yake pembeni, ikitunzwa na kijana mmoja ambaye pia hutengeneza mashine za kuchapisha, mlango unakuwa mmoja na walinzi wake ni wataalamu. Kanuni ikirekebishwa, hurekebishwa kwa wote.

Lakini njia hiyo ina gharama yake. Mlango ukiwa mmoja, anayeuvunja amewafikia wengi kwa pigo moja. Kwa hiyo, mfumo wa pamoja hauondoi haja ya nidhamu, unaiongeza. Aidha, mtumishi anayeona mfumo rasmi ni mzito hukimbilia anwani yake binafsi, na hapo barua za serikali huhamia mahali ambapo serikali haina ukuta wala ufunguo.

Taasisi nyingine na kampuni nyingi zimechagua kuzikabidhi barua zao kwa kampuni kubwa za nje. Kwa ofisi isiyo na fundi wa kudumu, huo unaweza kuwa uamuzi wa busara. Lakini una funzo lililoonekana Mei 12, 2024, hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilipodhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Siku kama hiyo, barua kutoka chumba kimoja kwenda chumba cha pili, ikiwa hupitia seva iliyoko Ulaya, hukwama pamoja na nyaya. Itifaki ya barua yenyewe ni stahimilivu: seva ikishindwa kufikisha barua huiweka foleni na kujaribu tena kwa siku nne au tano. Kazi za watu, hata hivyo, hazina subira hiyo.

Mlinzi naye anahitaji kulindwa

Ingekuwa kosa kudhani kwamba milango ikipangwa vizuri kazi imekwisha. Machi 2, 2021, Microsoft ilitangaza kwamba kundi ililolipa jina la Hafnium lilikuwa likitumia dosari nne kuingia katika seva za Exchange. Wavamizi hawakuhitaji mlango wa siri. Walipita mlango 443, uleule ambao watumishi hutumia kusoma barua zao kwa kivinjari, na ambao katika taasisi nyingi ulikuwa wazi kwa dunia nzima. Miongoni mwa waliokumbwa ni Mamlaka ya Benki ya Ulaya na Bunge la Norway, taasisi zisizokosa fedha wala wataalamu.

Waliokuwa wameuficha mlango huo nyuma ya njia ya siri ya ofisi walipata muda wa kupumua hadi kutia viraka. Hapo tunaona kazi halisi ya ukuta wa moto: hauondoi dosari za seva, bali hupunguza idadi ya wanaoweza kuzifikia.

Mwaka 2023 lilitokea jambo la kushangaza zaidi. Kampuni ya Barracuda ilitangaza kwamba vifaa vyake vya kuchuja barua pepe, vilivyonunuliwa na taasisi mbalimbali duniani ili kuzilinda, vyenyewe vilikuwa na dosari iliyokuwa ikitumiwa na wadukuzi tangu Oktoba 2022. Kiambatisho kilichotengenezwa kwa hila kilitosha kumtia mvamizi ndani ya kifaa. Mwishowe kampuni iliwashauri wateja walioathirika wavibadilishe kabisa, hata kama wameshavitia viraka. Mlinzi aligeuzwa kuwa mlango.

Barua iliyopita langoni

Tukirudi katika kisa cha Kenya cha mwaka 2016, tunaona mpaka wa mwisho wa ukuta wa moto. Barua ya uongo iliyoomba nywila ilifika kwa njia halali, kupitia mlango halali. Hakuna kanuni ya pakiti ambayo ingeizuia, kwa sababu anayesoma bahasha hajui kilichoandikwa ndani.

Kwa hatari hiyo kuna ulinzi wa aina nyingine. Mwenye jina la mtandao anaweza kutangaza hadharani ni seva zipi zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake, anaweza kuzitia barua zake sahihi isiyoghushika kwa urahisi, na anaweza kuwaagiza wapokeaji wazikatae zisizotimiza masharti hayo. Taratibu hizo hujulikana kama SPF, DKIM na DMARC. Februari 2024, Google na Yahoo zilianza kuzidai kwa watumaji wakubwa. Kwa Google, ni wale wanaopeleka barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwa watumiaji wa Gmail. Taasisi isiyozitimiza hujikuta ikihesabiwa pamoja na matapeli.

Hata hivyo, tapeli aliyekwisha kuiba nywila ya wakala wako wa forodha ataandika kutoka anwani ya kweli, na sahihi zote zitakuwa sawa. Hapo kinga iliyobaki ni sauti ya binadamu: kabla ya kulipa katika akaunti mpya, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa katika barua hiyo.

Sheria zipo, kazi imebaki

Katika ukanda huu, sheria hazikukosekana. Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015 na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2018 na 2019. Rwanda ilipitisha sheria yake ya data binafsi mwaka 2021, na Burundi sheria ya kuzuia na kuadhibu uhalifu wa mtandaoni mwaka 2022. Mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao, uliopitishwa Malabo mwaka 2014, ulianza kutumika Juni 2023, baada ya kusubiri karibu miaka tisa ili ufikishe idadi ya nchi zilizotakiwa kuuridhia.

Lakini sheria humwadhibu mwizi aliyekamatwa, na mwizi wa mtandaoni mara nyingi yuko nchi nyingine. Haziandiki kanuni za ukuta wa moto wa hospitali ya mkoa, wala hazimkumbushi mtu kufuta mlango uliofunguliwa kwa muda.

Pengo, kwa hiyo, ni la usimamizi zaidi kuliko la vifaa. Kila taasisi yenye seva ya barua inapaswa kuweza kujibu maswali manne bila kupepesa macho: Ni milango ipi iliyo wazi? Nani aliiruhusu, na kwa sababu gani? Ni lini orodha hiyo ilipitiwa mara ya mwisho? Na nani husoma kumbukumbu za majaribio yaliyozuiwa? Maswali hayo si ya mafundi pekee. Mkurugenzi, mhasibu mkuu na mjumbe wa bodi wanaweza kuyauliza, na wanastahili kujibiwa kwa lugha wanayoielewa.

Taasisi isiyoweza kuyajibu ina njia mbili za heshima: kumwajiri anayeweza, au kuzikabidhi barua zake kwa mfumo unaosimamiwa na wenye ujuzi, ndani au nje ya nchi. Njia ya tatu, ya kuiacha seva pembeni mwa chumba na kutumaini kwamba hakuna anayeiona, haipo. Programu zinazopekua anwani za dunia nzima hazilali, wala hazichagui kati ya wizara ya nchi kubwa na duka la mfanyabiashara wa Buyenzi. Hubisha kila mlango, na huingia pale palipoachwa wazi.